Bara kabla ya 1994 mlikuwa mnaangalia nini kwenye TV?

mtoto_wa_Tandika

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Binti yangu kapewa kazi ya shule, awaulize wazee wa nyumbani walianza lini kuangalia TV. Nikamwambia mimi nimeanza na ITV, 1994, kwa sababu huku Bara kabla ya mwaka huo hapakuwa na kituo hata kimoja, ilikuwa redio ya taifa tu, RTD asubuhi RTD jioni. Wenzetu Zanzibar walikuwa na TVZ toka 1973 tena ya rangi, sie tunasikia tu. Baba mkubwa alikuwepo akasema yeye Magomeni alikuwa na TV sebuleni toka miaka ya 80 na watu walikuwa wanajaa mpaka barazani. Nataka kujua kwa waliokuwepo, mlikuwa mnaangalia nini hasa na mlikuwa mnashikaje?

Ninayoyakumbuka mimi ni ya baadaye kidogo. Mtaa wetu TV ilikuwa nyumba moja tu, ya mama mmoja muuza vitenge, Mungu amrehemu. TV iko ndani ya kabati la mninga lina milango miwili na kufuli, juu kuna kitambaa cha kufuma, na ufunguo anao yeye mwenyewe kwenye pindo la khanga. Watoto tunanawa miguu bombani kwanza, ndala zinabaki nje, tunakaa chini kwenye mkeka, watu wazima kwenye makochi, wanaume wengine dirishani wamesimama nje wameshika nondo. Akifungua kufuli watu wote kimya. Halafu TV yenyewe haiwaki papo hapo, inaanza sauti, mnasubiri, picha inakuja polepole toka gizani, na ukizima inajikusanya mpaka inabaki nukta nyeupe katikati, watoto hatuondoki mpaka ile nukta ipotee. Yule mama hakuwahi kumtoza mtu hata senti tano na umeme alikuwa analipa mwenyewe, nimelijua hilo nimeshakuwa mkubwa na nina bili zangu.

fundi_Gerezani

Mkuu baba yako mkubwa anasema kweli tupu. Njia zilikuwa mbili.

Ya kwanza deki, ile mashine ya kuchezea mikanda ya video. Mabaharia, watu waliosoma nje, wenye ndugu Uarabuni, hao ndio walileta TV na deki, na mikanda ya VHS inazunguka toka Kariakoo mpaka Ilala mpaka Temeke, mkanda mmoja unapita nyumba ngapi sijui, mpaka picha inaingia mistari. Kihindi na Kichina ndio zilitawala, na lazima awepo mtu mmoja ameshaiona anawasimulia wengine staringi anafanya nini mbele.

Ya pili ndio hiyo ya Magomeni, TVZ. Toka Unguja mjini mpaka Dar ni kama kilomita 70 na kitu, na sehemu kubwa ya njia ni maji, hakuna mlima wala ghorofa la kuzuia. Unaunga mabomba ya maji mawili matatu, juu unafunga antena ya VHF yenye vijiti virefu, unaielekeza kaskazini, unashusha waya bapa mpaka dirishani. Nimejifunza kazi kwa mzee mmoja hapa Gerezani na mapaa niliyopanda ni mengi sana. Mmoja juu anageuza, mmoja mlangoni anapokea maneno, mmoja ndani anapiga kelele "hapohapo! umepitiliza, rudisha!" na chenga zikipungua tu mnakaza bolti. Siku za joto upepo ukitulia picha inakuja safi sana maana mawimbi yanasafiri mbali zaidi juu ya bahari, kukiwa na hali nyingine mnaona watu kama wako kwenye mvua. Na chumvi ya bahari inakula viungio vya alumini kwa hiyo kila baada ya muda unaitwa tena kupanda.

Kuhusu kwa nini Bara hapakuwa na kituo, vijana wengi siku hizi wanalisema kwa kejeli na mimi sipendi. Serikali ya Mwalimu iliona TV ni anasa ya watu wachache wa mjini, ikaweka nguvu kwenye redio kwa sababu redio inafika kijijini. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilipigwa redioni na vijiji vizima vikachimba vyoo, TV gani ingefanya hivyo wakati ule umeme wenyewe hakuna? Tulichelewa, ndio, lakini sababu ilikuwepo. Ruksa ilikuja na Mzee Mwinyi, sheria ya utangazaji ikapita 1993, mwaka uliofuata ndio CTN, ITV na DTV zikaingia hewani.

mwana_wa_Kikwajuni

Assalaam aleikum. Fundi umesema vyema kabisa. Mie nimekulia Kikwajuni, na ninachotaka mjue nyie wa Dar ni kwamba na sie si kila nyumba ilikuwa na TV. Kulikuwa na TV za umma, imewekwa juu ndani ya sanduku, jioni inafunguliwa, watu washasali magharibi wanakuja na majamvi yao, kina mama upande huu wanaume upande ule, muuza kahawa anapita na vikombe vyake vinalia. Tukitizama habari, tukitizama michezo ya kuigiza, na usiku wa Idd taarabu ya vikundi vya Ikhwani Safaa au Culture, basi hapo hata bibi asiyetoka nyumbani anatoka, kavaa, kajifukiza udi kama anakwenda ukumbini kwenyewe. Nyanya yangu waimbaji akiwatunza. Anasimama na noti yake anakwenda mpaka mbele ya TV anaipunga, watu wanampigia makofi, halafu anarudi kukaa na noti yake. Hakuna aliyemcheka, kwake yeye ile ilikuwa heshima anampa msanii.

Skuli kesho yake mazungumzo ni hayo tu.

Kibosho_juu

Huku Moshi hatukuhitaji Unguja, sisi tulikuwa tunakula KBC ya Kenya, na Arusha na Tanga hivyohivyo. Kitu cha kwanza nilichokijua kuhusu Kenya ni kwamba habari lazima zianze na Mtukufu Rais Moi, amekwenda kanisani, amepanda mti, amefungua shule, ndio mambo mengine yafuate. Na ule mchezo wa kuigiza wa Vitimbi, jamani, Mzee Ojwang na Mama Kayai, sisi tulidhani ni majirani zetu kabisa.

Kombe la Dunia 1990 niliangalia kwa mwalimu wetu, TV nyeusi na nyeupe ya betri, betri ya N50 imewekwa chini ya meza. Kameruni na Argentina, mechi ya ufunguzi, Omam-Biyik akaruka juu kule akapiga kichwa, moja bila, bingwa mtetezi kafungwa na Waafrika, chumba kizima kikalipuka na mtu akajikwaa kwenye waya TV ikazimika!! Mwalimu hakugomba, alikuwa analia na kucheka. Ilivyorudi tukaendelea kuona tu jezi nyeusi na jezi nyeupe, nani ni nani tunajua kwa mwendo. Mpaka leo Kameruni wakicheza naamka hata saa tisa usiku.

msomaji_Kakamega

Nimefurahi kusoma haya kutoka huku kwetu. Kumbe ndugu zetu Moshi tulikuwa tunaangalia pamoja! Kwetu kijijini stima haikuwa, TV ilikuwa Greatwall inchi 14, na betri inapelekwa sokoni kuchajiwa kwa baiskeli, kwa hivyo haiwashwi ovyo, ni habari saa moja, Vitimbi, Vioja Mahakamani, basi inazimwa mpaka kesho hata kama mgeni amefika. Wengine waliweka ile plastiki ya rangi mbele ya kioo, juu samawati chini kijani, ikawa kila mtu kwenye TV ana uso wa samawati na miguu ya kijani lakini tuliona ni rangi na tukaridhika. Swichi ya kubadilisha stesheni ilipovunjika mzee alitumia plaizi, ingawa stesheni ya kubadilishia hakukuwa, KTN ilianza 1990 lakini hiyo ilikuwa ya watu wa Nairobi.

dada_Buguruni

Mmesema ya raha zote, mimi nitasema moja ambayo haitoki. Oktoba 1999. Mwalimu kafariki London tarehe 14, na mwili ulivyoletwa tarehe 18 sisi Buguruni tulikuwa kwa jirani yetu mmoja, ametoa TV nje kabisa, ameiweka juu ya meza barazani ili kila mtu aone. Mitaa ilikuwa mitupu, walioweza kwenda uwanja wa ndege au barabarani walishakwenda, waliobaki ni wagonjwa, wazee na sisi wenye watoto wadogo. TVT ya serikali ilikuwa bado haijaanza, tuliona kwenye vituo vya watu binafsi. Ndege inatua, jeneza linashushwa na bendera juu yake, bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akainuka akasimama wima, na sisi wote tukainuka. Hakuna aliyetuamrisha. Tulisimama pale barazani mbele ya meza mpaka miguu inauma. Leo kila mtu angeangalia kwenye simu yake chumbani, na sisemi ni vibaya, ila mimi nashukuru msiba ule niliuona nimesimama na watu wa mtaa wangu.

mtoto_wa_Tandika

Dada Buguruni umenitoa machozi hapa kazini. Na mwana wa Kikwajuni, hiyo ya nyanya kutunza nimemsomea mke wangu kwenye simu. Fundi asante sana, binti nitamwandikia yote haya vizuri, mwalimu wake aliomba ukurasa mmoja lakini atapata zaidi.

Nina mawili yamebaki. Watu wa Bukoba na Kigoma, na nyie mlikuwa mnashika za Uganda na Burundi kama Moshi walivyoshika KBC, au mlikaa na redio mpaka mwisho? Na kama kuna mwenye picha ya yale makabati ya TV ya mninga yenye kufuli naomba aiweke, nimezungukia mafundi wa Keko wote wananionyesha meza za vioo.