Muungano au shirikisho: tunabishania idadi, kiini tunakiacha

Ndugu zangu, kila ikitajwa Katiba mpya ya Tanzania watu hugawanyika papo hapo: huyu serikali mbili (ya Muungano na ya Zanzibar), yule tatu (na ya Tanganyika). Mimi nasema tuanze na maneno mawili, muungano na shirikisho, kwa kuwa ugomvi wote umekaa humo.

Shirikisho lina sharti lake. Kila mshirika anabaki na serikali yake kwa mambo yake, na juu yao kuna serikali ya yale waliyokubaliana tu. Muungano ni neno pana zaidi: nchi zinaweza kuungana zikawa shirikisho, au zikayeyuka zikawa nchi moja kabisa. Sisi mwaka 1964 hatukufika kokote kati ya huko. Zanzibar ilibaki na serikali yake, Tanganyika haikubaki na yake. Mambo yake yakaingizwa ndani ya Serikali ya Muungano, na yamo humo hadi leo.

Tazameni kilimo. Hakimo kwenye orodha ya mambo 22 ya Muungano, yaani yale ya pamoja kwa pande zote mbili. Waziri wa Kilimo aliyeko Dodoma ni waziri wa Jamhuri ya Muungano, lakini mashamba ya Pemba hayamhusu. Bajeti yake inapigiwa kura na wabunge wa majimbo ya Zanzibar, ilhali hakuna mbunge wa Bara, yaani upande wa Tanganyika, anayeingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kuamua habari za karafuu. Mzanzibari naye ana lake, pengine zito zaidi: akidai chake, anayekaa upande wa pili wa meza ni Muungano wenyewe. Mshirika wake, Tanganyika, haonekani.

Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu vyama vingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilipendekeza serikali tatu. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba, 2013, ikaandika waziwazi neno shirikisho na kupunguza mambo ya Muungano hadi 7. Bunge Maalum la Katiba la 2014 likarudisha serikali mbili. Hoja ya gharama naielewa. Hoja kwamba shirikisho litavunja nchi siikubali, kwani Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999, tuliousaini wenyewe, unataja shirikisho la kisiasa kuwa lengo. Iweje tulitake na Kenya na Uganda, tuliogope na Zanzibar?

Anayetetea serikali mbili anijibu hili, bila kuniita mpinga Muungano: mambo ya Tanganyika yasiyo ya Muungano, nani anayasimamia kwa jina la Tanganyika? Na Zanzibar ikidai haki yake, inamdai nani?