Mjadala: Mlipuko mwingine wa ugonjwa ukija, mwanafunzi wa meno aendelee kugusa wagonjwa au kliniki ya kufundishia ifungwe?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za jioni.

Machi 2020 nilikuwa mwaka wa tano, wa mwisho, udaktari wa meno. Kisa cha kwanza cha korona nchini Tanzania kilitangazwa tarehe 16, na wiki hiyohiyo vyuo vikafungwa. Tukapanda mabasi na makoti yetu meupe kwenye mabegi. Tulirudi Juni 1.

Somo la dawa unaweza kulisoma kwenye simu ukiwa kwa bibi. Kung'oa gego la mwisho lenye mizizi iliyopinda huwezi, mkono hausomi PDF. Tulikuwa na vichwa bandia vya mazoezi, sawa, lakini kichwa bandia hakitoi damu, hakijai mate, hakikukamati mkono kwa woga. Na tuliporudi wagonjwa nao walikuwa wamepungua, watu wanameza panadol na kuvumilia nyumbani.

Msimamo wangu: kliniki ya kufundishia isifungwe. Ibadilishe kazi. Kinachotisha zaidi si mdomo wa mgonjwa, ni mashine. Ile ya kutobolea inazunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika na inapozwa kwa maji. Maji yanachanganyika na mate na damu, chumba kinajaa ukungu. Mashine ya kung'olea ugaga kwa mtetemo ni hivyohivyo. Koleo halitoi ukungu wa namna hiyo. Kijiko cha kukwangulia jino bovu kwa mkono nacho hakitoi.

Na hapa ndipo roho huniuma. Mbinu ya kukwangua kwa mkono na kuziba kwa sementi inayoshika jino yenyewe ilianzia hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake wakihangaikia vijiji visivyo na umeme. Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo, lilisema matibabu yasiyo ya haraka yasubiri pale maambukizi yanaposambaa mitaani, na yasiyosubirika yafanywe kwa vifaa vya mkono kadiri iwezekanavyo. Yaani dunia imerudi kwenye kijiko chetu, na sisi chuoni tulikifundishwa asubuhi moja kama habari za zamani.

Naomba kuwasilisha.

Msaidizi wa kiti, kliniki ya wilaya

Mkuu, umeongea vizuri ila umetusahau. Mwanafunzi akimaliza anavua glavu anaenda kula. Ukungu ukishatua kwenye taa, kwenye kaunta, kwenye mpini wa kiti, anayeufuta ni mimi. Mwaka ule nilifuta kwa barakoa ya kitambaa niliyoshona mwenyewe.

England kuna kipindi waliambiwa baada ya kazi ya mashine chumba kikae hadi saa nzima kabla ya mgonjwa mwingine. Sisi chumba kimoja, viti viwili, foleni mpaka kwenye mwembe. Nani angekaa saa nzima? Tulichofanya ni kuzima kiyoyozi na kufungua madirisha, jasho linatiririka. Sasa piga picha ukumbi wa kufundishia wenye viti vingi vimepangwa bega kwa bega bila ukuta. Kabla hamjasema usifungwe, niambieni madirisha yake yanafunguka?

Mgonjwa tu

Mimi si wa afya. Nilivunjiwa mzizi 2021, nikaambiwa "daktari bado mgeni, tuvumiliane". Kwa nini nivumilie mimi?

Nilisoma kwamba Scotland, Januari 2021, walitamka wazi kuwa wengi wa wanafunzi wao wa mwaka wa mwisho watahitimu mwaka mmoja baadaye kwa sababu hawakupata muda wa kutosha na wagonjwa. Hayo ndiyo maamuzi. Mtu asiyejaza idadi ya matibabu anayotakiwa kufanya asivae joho, basi.

Mwanzisha mada

Mkuu pole sana kwa mzizi. Ila Scotland waliposema hivyo serikali iliwapa na fedha za huo mwaka wa ziada. Hapa mwaka wa ziada analipa nani? Bodi ya Mikopo? Baba yangu aliuza ng'ombe kwa mwaka wa nne. Halafu ukiwazuia wa mwaka wa tano, wa mwaka wa nne wanakuja nyuma yao kwenye viti vilevile, kwa wagonjwa walewale.

Dada wa madirisha, kwetu yalikuwa yamepigiliwa misumari kwa ajili ya kiyoyozi. Nakubali kabisa.

Daktari mstaafu, Tanga

Marahaba kwa wote watakaonisalimu.

Nimeanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tulikuwa tunaingiza kidole kitupu kinywani mwa mgonjwa, tunanawa, anayefuata. Ukimwi ndio uliotuvisha glavu. Na wapo waliolalamika wakati ule kwamba glavu zinaua hisia za vidole na mwanafunzi hatajifunza! Kwa hiyo nikisikia "hatutaweza kufundisha na barakoa nzito" nacheka.

Kuhusu woga: uchunguzi wa Marekani wa Juni 2020 kwa madaktari wa meno zaidi ya 2,000 ulikuta walioambukizwa au kushukiwa hawafiki 1%. Lakini msiukumbatie haraka. Wengi walikuwa wametoka kufunga, na waliofungua walikuwa na vifaa. Huyu binti wa barakoa ya kitambaa hayumo kwenye hesabu ile.

Sasa kijana mwenye mada. Mbinu ya kijiko naipenda, nimeifanya chini ya miti mashuleni. Inafaa tundu la upande mmoja wa jino. Tundu likila pande mbili, zibo linaanguka mapema. Kutibu mzizi haikusaidii kitu. Ukimfundisha mtu miezi sita kijiko na koleo tu, umetoa mng'oaji mzuri, na nchi hii wang'oaji tunao. Mimi ningefunga ukumbi, nikawatawanya wanafunzi wawili wawili kwenye vituo vya afya vyenye madirisha, chini ya daktari mmoja mkali, na kazi ya mashine ikasubiri mwaka wa tarajali, ule wa mafunzo kazini baada ya kuhitimu.

Na unijibu bila kukwepa, maana umezungumzia mashine, ng'ombe na misumari: wewe mwenyewe ulimaliza na mizizi mingapi uliyotibu mpaka mwisho?

Mwanzisha mada

Shikamoo mzee.

Mitatu. Mmoja mwalimu ndiye aliyeumalizia.