Bushi mpya za traki za ubao wa slalomu: je, za mbele na za nyuma zilingane?

Mkaazi wa Chake ameuliza:

Assalamu alaikum ndugu zangu. Ninao ubao wa magurudumu (skateboard) wa slalomu, yaani wa kupita kwa zigizaga kati ya koni, niliouziwa na mgeni aliyekuwa akirejea kwao. Traki zake, yaani vyuma vya chini vinavyobeba magurudumu, hazifanani: ya mbele ni ya kiwanda cha Bennett na ya nyuma ni ya Tracker. Bushi zote nne, yaani zile pete za kunyumbuka, mbili kwa kila traki, zinazoiachia traki iiname na kuirudisha, zimechoka. Za mbele zimepasuka ukingoni, upande wa nati, na za nyuma zimebonyea na kufanya tumbo, kiasi kwamba hata nikizitoa na kuziacha usiku kucha hazirudi katika umbo lake. Namba za ugumu zilizokuwa zimepigwa chapa ubavuni zimefutika kabisa, kwa hiyo sina pa kuanzia.

Uzito wangu ni kilo 68. Koni ninazipanga kwa nafasi ya mita 2 hivi, kwenye mteremko mdogo wa lami karibu na Gombani. Mwendo ukiwa wa pole ubao hugeuka vizuri, lakini ukishakolea mkia huanza kupiga huku na huku. Nikikaza nati ya nyuma mkia hutulia, ila ubao nao hukataa kurudi katikati baada ya kuinama, na koni ya tatu au ya nne hunipita.

Bushi hizi hazipatikani Chake wala Wete, na hata mjini Unguja sijaziona dukani. Lazima niagize nje, zifike mjini, kisha zivuke kwa boti hadi Mkoani. Sina uwezo wa kuagiza seti moja moja kwa kujaribu. Naomba mnishauri juu ya ugumu na umbo, na kama za mbele na za nyuma ziwe sawa au zitofautiane. Pia ningependa kujua kama fundi anaweza kunichongea kwa mpira wa bushi za gari, maana mpira huo hapa upo wa kutosha.

Mteleza wa Mazizini amejibu:

Waalaikumu salamu ndugu yangu. Nianze na hilo la mbele na nyuma, kwa sababu ndilo litakaloamua mengine yote. Katika slalomu traki mbili zina kazi mbili tofauti. Ya mbele ndiyo inayoongoza, kwa hiyo inatakiwa igeuke upesi kwa kuinama kidogo tu, na ya nyuma inatakiwa ifuate bila papara na ikupe mahali pa kusukumia unapouendesha ubao kwa kiuno na magoti bila kukanyaga chini. Aliyekuuzia aliijua kazi yake, kwa sababu Bennett mbele na Tracker nyuma ni mseto wa wana slalomu wa tangu zamani. Bennett hugeuka kwa ukali na Tracker hutulia. Tracker wenyewe, walioanza California mwaka 1975, waliwahi kutoa traki mbili kwa kazi hii hii, RTX kwa ajili ya kugeuka na RTS kwa ajili ya utulivu. Ukiweka bushi za aina moja mbele na nyuma unaipoteza nusu ya faida ya mseto huo.

Sasa ugumu. Bushi hizi ni za yurethani, plastiki inayonyumbuka kama mpira, na ugumu wake hupimwa kwa kipimo cha Shore A: namba ikipanda, bushi ni ngumu zaidi. Nyingi zinazouzwa ziko kati ya 78A na 97A. Kwa kilo 68 na koni za mita 2, ningeanza mbele na 85A upande wa ubao na 82A upande wa barabara, na nyuma ningeweka 90A upande wa ubao na 87A upande wa barabara. Sababu ya kuzitofautisha hata ndani ya traki moja ni kwamba bushi ya upande wa ubao ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito wako, na ile iliyo chini ya nati ndiyo unayoihisi zaidi mwanzoni mwa kuinama. Ukiilainisha hiyo ya pili kidogo, ubao huingia kwenye kona bila kusita huku ile ya kwanza ikiendelea kukushikilia.

Umbo nalo lina uzito wake, na pengine watu hulidharau. Bushi ya umbo la pipa imejaa, kwa hiyo huzidi kukaza kadiri unavyoinama na hurudisha ubao katikati kwa nguvu. Ile ya umbo la pia ni nyembamba upande mmoja, hivyo huachia traki iiname mbali zaidi na upesi zaidi. Mbele weka bushi ya pipa upande wa ubao na bushi ya umbo la pia upande wa barabara. Nyuma weka mapipa mawili. Ukiona mkia bado una papara, kabla hujapandisha ugumu badilisha washa, ile sahani ndogo ya chuma inayokaa kwenye bushi: washa ya kikombe huibana bushi kingo zake isitanuke, na washa bapa huiacha ijimwage itakavyo. Washa za kikombe nyuma na bapa mbele, ndivyo ninavyopanda mimi.

Kuhusu nati: huko kukaza kwako ndiko kunakokunyima ule mrejeo wa katikati. Bushi laini iliyokazwa sana haigeuki kuwa bushi ngumu. Inakuwa imeshaminywa kabla hujaikanyaga, nafasi yake ya kufanya kazi imekwisha, na mwishowe hupasuka pale pale ulipoona nyufa. Bushi inayokufaa ni ile ambayo nati ikigusa washa na kuongezwa nusu mzunguko au mzunguko mmoja, ubao unakuwa sawa. Ikikulazimu kuongeza mizunguko mitatu, agiza ugumu wa juu zaidi.

Jambo la mwisho kwangu ni joto. Namba ya ugumu hupimwa katika joto la nyuzi 23 hivi, na yurethani hulainika inapopata moto. Lami yetu ya saa nane mchana haina uhusiano wowote na nyuzi 23. Wapandaji wa Ulaya wanaposema 87A inawatosha, sisi tuongeze ngazi moja kama tunapanda mchana. Namba nilizokupa nimekwisha kuziongeza, usiongeze tena.

Fundi wa Saateni amejibu:

Kijana wangu, nimekuwa kwenye kazi ya baskeli na pikipiki kwa muda mrefu, na hili la mpira wa gari nakuomba uliache. Fundi wa kuuchonga mpira huo utampata na utakaa kwenye kingipini, ile boliti inayopita katikati ya bushi, vizuri tu, lakini kazi ya bushi ya gari ni kuumeza mtikisiko usifike kwa abiria, na kazi ya bushi ya slalomu ni kukurudishia nguvu uliyoitia. Chukua kipande cha mpira wa gari na kipande cha yurethani nzuri, viangushe sakafuni kutoka urefu mmoja: wa gari utatua na kukaa, wa yurethani utaruka. Ukipanda juu ya mpira ule, kila ukiinama sehemu ya nguvu yako inaishia humo kama joto. Wengine hupendekeza nailoni kwa sababu inachongeka kwenye mashine kwa urahisi. Hiyo haibonyei kabisa, na traki itakuwa kama imechomelewa.

Unapoagiza, uliza yurethani hiyo ni ya jamii gani. Zile za jamii ya esta huliwa polepole na unyevunyevu hadi zikawa kama jibini, na za jamii ya etha huuhimili vizuri zaidi. Kwa visiwa vyetu swali hili si la ziada.

Kabla ya kuagiza, pima. Usipime bushi zenyewe, kwa sababu zimeshabonyea na zitakudanganya. Pima kikao chake kwenye kitako cha traki (sehemu inayofungwa kwenye ubao) na kwenye hanga (sehemu inayobeba ekseli), kina na upana, kwa kila traki peke yake, kwani Bennett na Tracker ni viwanda viwili na huna sababu ya kudhani vikao vyake vinalingana. Pipa la kawaida lina urefu wa milimita 15 hivi. Traki nyingi ambazo kingipini yake imeelekea ndani hutaka bushi fupi zaidi upande wa nati. Ukilazimisha mbili ndefu, nati haitafika mahali pake. Hapa usifanye mzaha: ndani ya nati ile mna pete ya nailoni inayoizuia isifunguke, na nyuzi za kingipini lazima ziipite pete hiyo yote. Nati iliyoshika nusu itakuacha njiani ukiwa mwendoni.

Spana pia itakusumbua. Nati ya kingipini ni ya inchi 9/16, ambayo ni milimita 14.29. Spana ya 14 haiingii na ya 15 inacheza na kula kona za nati. Mafundi wetu wengi wana spana za milimita tu, basi muulize mwenye kutengeneza mitambo ya zamani ya Kiingereza, au iagize pamoja na bushi. Nati za ekseli ni nusu inchi na spana ya 13 huzimudu.

Ukishafungua, tazama kikombe cha plastiki ambamo ncha ya hanga hukaa. Kishike kwa vidole na uitikise hanga. Ikicheza ndani yake, basi sehemu ya papara ya mkia wako inatoka hapo, na bushi hata ziwe za dhahabu hazitaiondoa. Agiza na vikombe hivyo, bei yake si kubwa.

Binti wa Bububu amejibu:

Nimesoma majibu ya kaka wa Mazizini na nakubaliana naye kwa mengi, ila 90A na 87A nyuma kwa mtu wa kilo 68 naona ni ngumu kupita kiasi kwa koni za mita 2. Koni zikikaribiana, ubao huinama kushoto na kulia mfululizo, na traki ya nyuma isipoinama vya kutosha magurudumu ya nyuma huburuzwa badala ya kufuata njia ya yale ya mbele. Hapo unajihisi umetulia, lakini kila koni inakula mwendo wako. Mimi ni mwepesi kuliko yeye, nina kilo 57, na nyuma ninatumia mapipa ya 85A yote mawili pamoja na kabari.

Na kabari ndiyo ambayo haijatajwa, nami naitetea kwa moyo wote. Ni kipande cha plastiki ngumu kinachokaa kati ya ubao na kitako cha traki ili kubadilisha pembe yake. Upande wake mnene ukielekea ndani au nje, pembe huongezeka au hupungua, hivyo mbele unaiongeza ili traki igeuke zaidi na nyuma unaipunguza ili igeuke kidogo. Mkia unaopiga huku na huku mara nyingi unatokana na traki ya nyuma kuongoza kupita kiasi. Ukilitibu kwa bushi ngumu unaizuia isiiname, na ukilitibu kwa kabari unaiacha iiname lakini isigeuke sana. Kwa koni zilizobanana, hiyo ya pili ndiyo ninayoitaka. Kumbuka tu kwamba ukiweka kabari utahitaji boliti ndefu zaidi.

Mteleza wa Mazizini amejibu:

Dada, hoja ya kabari nimeikubali na naona ndiyo inayomfaa kwa mita 2. Ninachokishikilia ni kwamba asiende chini ya 87A nyuma kwa uzito wake, hasa akiwa kwenye mteremko, kwa kuwa wewe na mimi huku Unguja tunapanda mahali tambarare na mwendo wetu ni ule tunaouzalisha wenyewe. Pemba ni ya vilima. Hata mteremko mdogo huongeza mwendo koni hadi koni, na mkia uliotulia mwanzoni unaweza kubadilika kabla ya koni ya mwisho.

Mkaazi wa Chake amejibu:

Nawashukuru sana nyote. Nimekitikisa kikombe cha traki ya nyuma kama Fundi alivyoelekeza, na kweli hanga inacheza. Ya mbele imeshika. Nimeamua kuagiza bushi mbili za umbo la pia za 82A, kwa sababu za upande huo wa nati mbele ndizo zilizopasuka, pipa moja la 85A, mapipa mawili ya 87A na moja la 90A, pamoja na vikombe vya plastiki, kabari mbili na boliti ndefu. Hivyo nyuma naweza kujaribu 87A zote mbili, ili kuukaribia ushauri wa dada, au 90A upande wa ubao kwa ushauri wa kaka, bila kuagiza tena. Nimebaki na swali moja: zikifika, nianze na kipi?

Binti wa Bububu amejibu:

Anza na kikombe cha plastiki cha nyuma pamoja na bushi mpya, bila kabari, na 87A zote mbili nyuma. Panda hivyo hadi bushi zilainike, maana mpya huwa na ukavu fulani siku za mwanzo, na nati utaikuta imelegea kidogo baada ya hapo. Irejeshe ilipokuwa, usiipitishe. Kisha weka kabari ya nyuma peke yake, koni zikiwa pale pale zilipokuwa na saa ile ile ya siku, ili joto lisikuchanganye. Kama mkia bado haujatulia, hapo ndipo utie pipa la 90A upande wa ubao. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua ni kipi kilichosaidia.

Fundi wa Saateni amejibu:

Na nyuzi za kingipini uzipake grisi kidogo kabla ya kufunga, ila isiguse bushi. Chumvi ya upepo wetu huleta kutu upesi, na nati iliyoshikwa na kutu huikata kingipini siku unapotaka kuifungua. Hiyo kwa traki za zamani kama zako ni tabu kuipata kuliko bushi.