Tuliosoma shule za wavulana za Kikatoliki, Nairobi na viunga vyake: tupeane uzoefu

Mwanzisha Uzi

Habari wakuu. Uzi huu ni wa sisi tuliopitia shule za wavulana zilizoanzishwa na mapadri, iwe hapa mjini au kule upande wa Thika na Kiambu ambako vijana wengi wa Nairobi hupelekwa bodingi. Usituambie ulipata gredi gani, hayo huwa tunayasikia kwenye harusi. Tuambie siku ilikwendaje, mlikula nini, padri alikuwa mtu wa namna gani, na ni tabia gani ya shule imekuganda mpaka leo. Mwenye malalamiko ayalete pia, ila shule asiitaje jina. Wahusika hawako hapa kujitetea.

Naanza mimi. Nilisoma kutwa, Eastlands, miaka ya tisini. Bweni silijui. Ninachokijua ni kengele ya saa sita adhuhuri, ile ya sala ya Malaika wa Bwana. Ikilia, unasimama ulipo na lolote ulilo nalo mkononi. Siku moja tuko maabara, kidato cha tatu, tunadondosha alikali kwenye chupa ya asidi, tone kwa tone, tukingoja rangi igeuke. Zangu zimebaki tone mbili tatu hivi. Kengele ikalia. Mwalimu wa kemia, ambaye hata Mkatoliki hakuwa, akaweka chaki chini akaanza sala, nasi tukaitikia. Mimi koki sijaifunga. Naitikia huku naona kwa pembe ya jicho rangi inapita waridi, inakolea, inakuwa kama juisi ya zabibu. Sala ikaisha, mwalimu akapita mezani kwangu, akatazama chupa, akasema neno moja: "Rudia." Hadi leo simu ikiita saa sita kamili huwa naipokea nimesimama. Mke wangu ameshazoea.

Mzee wa Kaptula

Kijana, shukuru kwenu sala ilikuwa kwa Kiswahili. Sisi wa mwanzoni mwa sitini tulihudumu altareni kwa Kilatini. Majibu tulikuwa nayo kichwani yote, maana yake hatukuwa nayo hata moja. Mapadri wetu walikuwa wa Shirika la Roho Mtakatifu, Wairishi, watu wa sauti kubwa na moyo mwepesi, na raga waliipenda karibu sawa na Misa. Halafu ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, Misa ikahamia lugha za watu, na altare ikasogezwa ili padri awatazame waumini. Hapo ndipo tulipogundua kwamba sasa anatuona tunavyosinzia.

Chakula sitaki hata kukizungumzia. Githeri. Jumatatu githeri, na siku nyingine mtaongeza wenyewe.

Kilichoniganda ni kutandika kitanda. Nina miaka sabini na kitu, ni mjane, na shuka langu lina kona utadhani bruda anakuja kukagua saa hii.

Mwalimu Mstaafu wa Historia

Niruhusuni niweke msingi kidogo, kwa sababu vijana huongea kana kwamba shule hizi ziliota kama uyoga.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya St. Austin's mwaka 1899, mwaka uleule reli ilipofika Nairobi. Hapo ndipo pale Msongari na Lavington za leo. Walipanda kahawa, na kahawa hiyo ndiyo iliyosaidia kuilisha misheni. Kwenye ardhi ya eneo hilohilo ndipo ilipokuja kusimama St. Mary's mwaka 1939, mwanzoni ikiwa ya wavulana wa Kizungu. Mwafrika alikuwa na njia yake nyingine: Kabaa, Ukambani, shule iliyoanza mwaka 1925, ambayo baadaye sekondari yake ilihamia Mang'u, na mwishowe ikahamia karibu na Thika mahali ilipo sasa. Kaulimbiu yake ni "Jishinde Ushinde", kwa Kiswahili, wakati wenzao wengi walikuwa wakijichongea Kilatini kwenye beji.

Hapo Mang'u ndipo alipopita Maurice Otunga, kardinali wa kwanza Mkenya. Ndipo alipopita Mwai Kibaki. Na ndipo alipopita Tom Mboya, aliyekuja kuwa waziri, mwaka 1946 na 1947. Huyu wa mwisho ndiye ninayependa wanafunzi wangu wamjue vizuri. Hakuondoka kwa kukosa akili. Karo ndiyo iliyomshinda, akaenda Jeanes School, Kabete, kusomea ukaguzi wa afya kwa sababu huko alisoma bila kulipa. Mnaopita Moi Avenue mnaiona sanamu yake, karibu na mahali alipopigwa risasi Julai 1969. Nikiona wazazi wanazungushwa leo na karo za shule hizihizi, huwa namkumbuka.

Rangi za watu zilianza kuchanganyika darasani rasmi kabla ya uhuru. Strathmore ilifunguliwa mwaka 1961 kama chuo cha kidato cha tano na sita na ikapokea Waafrika, Wahindi na Wazungu pamoja. Kwa Nairobi ya wakati ule, halikuwa jambo dogo.

Mtu wa Kikuyu

Mwalimu, mimi ni wa Alliance, ile shule ya Waprotestanti kule Kikuyu, nimepita tu kusalimu. Endeleeni na kahawa yenu.

Mwalimu Mstaafu wa Historia

Karibu sana, mdogo wetu. Alliance ni 1926. Sisi 1925. Kaa hapo nyuma.

Binamu wa Majengo

Asalaam aleykum. Mimi ni Muislamu wa Pumwani, na nilisoma kwa mapadri miaka minne. Nyumbani kulikuwa na kelele. Mjomba alisema nitarudi nimebatizwa. Mama akasema mwacheni aende, kwani hesabu ina dini?

Ijumaa nilipewa ruhusa ya kwenda msikitini, na nikirudi nakuta sahani yangu imefunikwa. Mwezi wa Ramadhani wa kwanza nilidhani nitafunga kwa maji matupu, kwa sababu jikoni hakuna mtu anayewasha moto alfajiri kwa ajili ya Waislamu wanne. Padri mlezi aliniuliza swali moja tu: mnakula saa ngapi? Kuanzia usiku ule mpishi alituachia wali na maharagwe kwenye sufuria, pembeni ya jiko lenye makaa, na ufunguo wa bwalo akapewa mmoja wetu. Yule mpishi alikuwa Mkamba, Mkatoliki wa kupindukia, na ndiye aliyekuwa akituamsha kwa kugonga dirisha na mwiko. Tukichelewa kuamka anaghadhibika kuliko sheikh.

Na ndiyo, niliimba kwaya. Besi walikuwa wamepungua. Mjomba hajui mpaka leo, kwa hiyo mnaomfahamu nyamazeni.

Jamaa wa Kidato cha Kwanza

Mnasimulia vizuri lakini kuna jambo mnalizunguka. Mono, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, na anavyoonewa.

Shule yangu siitaji. Usiku wa kwanza waliniambia nizime taa kwa kuipuliza. Nikapuliza balbu ile mpaka kichwa kikazunguka, bweni zima linacheka, na nyuma ya mlango kuna mtu ameshika swichi. Huo ni mzaha, hata mimi nilicheka baadaye. Ila kilichofuata wiki ya tatu hakikuwa mzaha. Nilipigwa na mkanda na watu wawili wa kidato cha tatu kwa sababu nilikaa kwenye benchi lao. Asubuhi yake wote watatu tulikuwa kwenye Misa, wamekaa safu ya mbele yangu, na ilipofika kutakiana amani mmoja akageuka akanipa mkono. Nikaupokea. Ningefanya nini?

Viboko vya walimu vilipigwa marufuku mwaka 2001. Vya wanafunzi kwa wanafunzi viliendelea taa zikizimwa, na kiranja yuko palepale amejifunika blanketi. Kuna mzee hapo juu amesema mapadri wao walikuwa na moyo mwepesi. Labda. Wa kwetu alikuwa mwema pia, lakini chumba chake kilikuwa ng'ambo ya uwanja, na wema wake haukusikia chochote.

Mzee wa Kaptula

Pole, mwanangu. Hata kwetu ilikuwepo. Nililiruka jambo hilo kwa sababu safari moja mimi ndiye niliyekuwa upande wa wakubwa, nikitazama.

Kwaya 85

Nitasema kwa ufupi. Agosti 1985, Kongamano la Ekaristi, Papa Yohane Paulo wa Pili yuko Uhuru Park. Tulikatiziwa likizo ili tufanye mazoezi. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba sisi wa kwaya ya shule tulimwona kama nukta nyeupe. Nilipofika nyumbani bibi yangu akaniuliza, "Alikutazama?" Nikamwambia ndiyo.

Mpenda Sheria

Swali la pembeni. Hizi shule ni za nani hasa? Tangu Sheria ya Elimu ya 1968 nyingi ziko chini ya serikali, kanisa likabaki mdhamini. Ile ya 2013 bado inampa mdhamini viti kwenye bodi na malezi ya kiroho. Kila mwalimu mkuu akihamishwa kunazuka zogo. Nionavyo mimi, mwenye kulipa mishahara ya walimu ndiye mwenye shule. Askofu abaki na kapela.

Mwalimu Mstaafu wa Historia

Na ardhi, wakili? Nani alikuwa na hati ya ardhi? Fungua uzi wako, nitakuja.

Mama Pacha

Samahani wazee, mimi sikusoma huko, nina wavulana wawili wanaoingia gredi ya kumi. Sisi ni wa PCEA, kanisa la Presbiteri. Watalazimishwa rozari? Na ninunue nini, maana orodha ya shule ni ndefu kuliko mshahara.

Binamu wa Majengo

Mama, kwangu Misa ya Jumapili ilikuwa ya wote, kukaa tu kwa adabu. Komunyo hupewi hata ukiitaka. Rozari ya Mei na Oktoba walikwenda wenyewe. Lakini muulize padri mlezi ana kwa ana siku ya kuripoti, usimtegemee kiranja.

Jamaa wa Kidato cha Kwanza

Sanduku nunua Kamukunji kwa mafundi wenyewe, si dukani, na uwaambie waweke komeo mbili. Ndoo iwe na mfuniko. Jina lipakwe rangi kwenye mfuniko, ubavuni na chini kabisa, kwa sababu ya ubavuni hukwanguliwa. Sabuni ya kipande ikatwe vipande vidogo, wasitoe mche mzima hadharani. Na kwa kuwa ni pacha, omba wawekwe mabweni tofauti. Mmoja akionewa, mwingine atakupigia simu.