Naomba ushauri: vijana wanaoruka ziwani kichwa mbele

Ndugu zangu, salamu kutoka Goma. Ninafundisha watoto wa miaka 9 hadi 15, na shingo zao zinaninyima usingizi. Ufuko wetu wa Ziwa Kivu una mawe ya volkeno. Lava ya mlima wa volkeno Nyiragongo mwaka 2002 ilifika hadi ziwani. Wavulana wanaruka kichwa mbele bila kujua kina. Neva kuu iliyo ndani ya uti wa mgongo ikiumia shingoni, mikono na miguu inaweza kupooza, nayo haiungi kama mfupa.

Wadogo wamenielewa. Niliangusha yai lisilo na kinga, kisha jingine ndani ya kopo lenye sponji, wakaona wenyewe kazi ya kofia ya pikipiki. Wakubwa ndio wagumu: kwao kutanguliza miguu majini ni woga, na chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, wanaiteremsha mbio, watatu juu yake.

Tena mwenzao akianguka wanamvuta mkono wamsimamishe, badala ya kumwacha alale bila kugeuza shingo na kuita mkubwa.

Nafikiria kumwalika kijana aliyepooza aongee nao. Wazazi na walimu, mliowahi kufanya hivyo, iliwasaidia au iliwatisha tu? Na yeye mwenyewe nimwombeje bila kumuumiza moyo?