Tupeane uzoefu: fundi alikuhesabia nini alipofunika ukuta wa nje wa nyumba yako?

Mwenye uzi, Utawala

Hamjambo wadau. Mwaka jana nilimaliza kujenga kwa mawe ya Ndarugo, nyumba ya chini isiyo na ghorofa. Nikataka plasta nje pande zote, na mawe ya mazeras, yale ya kubandika ukutani, chini ya madirisha ya mbele. Mafundi wawili walikuja asubuhi moja. Wa kwanza alitaka sh 250 kwa mita ya mraba ya plasta, wa pili sh 180. Nikamchukua wa pili, nani asingemchukua?

Wiki haikuisha. Jukwaa la kusimamia fundi likawa langu kulipia, mtu wa mkono, yaani msaidizi wake, akawa wangu pia. Kingo za madirisha na milango zikahesabiwa kando, kwa mita ya urefu. Nilipojumlisha, kila mita ya mraba ilikuwa imenila sh 310. Hakunidanganya, mimi ndiye sikuuliza ile 180 imebeba nini. Yule wa kwanza alikuwa ameweka kila kitu ndani.

Waliojenga, na mafundi mliomo humu, tuelezeni: ni nini kilichopandisha leba, yaani malipo ya kazi ya fundi, kwenu?

Mjenzi, Kahawa West

Kwangu ni urefu wa kwenda juu. Nyumba ina ghorofa mbili juu ya ile ya chini, na fundi alinipa bei tatu, akiongeza kila anapopanda. Nilibishana naye sana, hadi nilipokaa pale siku nzima nikitazama. Huku chini karai linatoka kwenye mchanganyiko na kufika kwa fundi kwa hatua nne. Kule juu linapita mikono mitatu, na watu hao wote wanalipwa.

Halafu kuna upande wa jirani. Kati ya ukuta wangu na wake hapafiki mita moja. Nguzo za jukwaa hazikupata pa kusimama, ikabidi nimwombe jirani ruhusa ya kuzisimamisha uani kwake, na siku mbili zikaenda kwa kuhamisha vitu vyake na kuvirudisha. Ukuta ule ndio mdogo kuliko yote, nao ndio ulionigharimu zaidi kwa mita. Ukipimisha, mwonyeshe fundi kila upande, hata ule usioonekana kutoka barabarani.

Fundi, Kayole

Nimeshika mwiko miaka mingi, niwaambie ninachotazama kabla ya kutaja bei. Kwanza ni unyoofu wa ukuta. Naangusha timazi, ile kamba yenye uzito, kisha navuta kamba kutoka kona hadi kona. Ukuta ulionyooka unataka plasta ya milimita 15 hivi. Kwa mchanganyiko wa 1:4, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unafunika kama mita 8 za mraba. Ukuta uliopinda unaweza kudai milimita 30 au zaidi, na huwezi kuzirundika zote mara moja, zitateleza na kuanguka. Unapiga tabaka la kwanza, unalikwaruza, unaliacha likauke, kisha unarudi. Mita ni ileile, kazi ni mara mbili na saruji ni mara mbili.

Pili, nguzo na boriti za zege. Uso wake ni laini, plasta haishiki, kwa hiyo lazima tuudonoe kwanza. Zege linapokutana na jiwe tunapigilia wavu wa waya, la sivyo ufa utafuata mstari ule. Mwenye nyumba huiona kama kazi ya bure kwa sababu ikiisha haionekani.

Na madirisha, wadau, ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi. Mtu anataka nitoe eneo lake kwenye hesabu kwa kuwa pale hapana ukuta. Ni kweli hapana, lakini kuna kingo nne za kunyoosha kwa pimamaji, na kingo moja inanila muda kuliko mita mbili za ukuta wazi. Mimi dirisha dogo siliondoi kwenye hesabu, na silipishi kingo kando. Nasema hivyo siku ya kwanza.

Mama, Ruai

Mimi niliwalipa kwa siku, fundi sh 1,500 na mtu wa mkono sh 800. Tena nikaanza Aprili. Mvua inaanza saa nane, kazi inasimama, na siku imeshahesabiwa. Mara mbili plasta mbichi ilioshwa ikabidi irudiwe. Sikuwakata pesa, maana mvua hawakuileta wao. Upande uliobaki tulingoja Julai, tukapatana kwa mita.

Mdau, Kasarani

Mazeras: uliza nani ananunua diski za grainda, ile mashine ya kukatia mawe. Zinakwisha haraka. Na kona zinakatwa jiwe kwa jiwe.

Mdau, Umoja

Kaka yangu yuko Minnesota na anafanya kazi hii. Kule nyumba nyingi ni za mbao, zinafunikwa kwa vibao vya vinili, aina ya plastiki, au vya saruji yenye nyuzi. Hesabu yao ni kwa futi 100 za mraba. Anasema kinachopandisha leba ni kung'oa vibao vya zamani, maana mara nyingi chini yake wanakuta mbao zimeoza. Vya saruji ni vizito, na vumbi la kuvikata ni hatari kwa mapafu, hivyo leba yake iko juu kuliko ya vinili. Na nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 inaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, nayo ina masharti yake.

Mwenye uzi, Utawala

Asanteni sana. Fundi wa Kayole, nina ukuta wa nyumba ndogo ya nyuma haujaguswa, na nguzo mbili zimetokeza kama sentimita tatu. Naomba uje na timazi kabla hatujazungumza pesa.

Fundi, Kayole

Jumamosi saa mbili asubuhi, mzee. Ondoa mawe yoyote yaliyoegemezwa ukutani, nipime hadi chini.