Ushauri: Nataka kufuga kuku wachache uani, hapa hapa mjini

Mwanzisha uzi: Baba_Uani

Wakuu, habari zenu.

Hili wimbi la watu wa mjini kufuga kuku nyuma ya nyumba limenifikia na mimi. Kila nikigeuka mtu ana kibanda, na watoto nyumbani hawanipi nafasi ya kupumua. Uwanja ninao ila mdogo, kona ya mita nne kwa tatu hivi. Upande mmoja ni ukuta wa jirani, na dirisha la chumba chake cha kulala linatazama hapo hapo.

Nawaza mitetea sita na jogoo mmoja. Mayai tule, yakizidi niuze. Mama watoto hapingi ila kaweka masharti: harufu isiingie jikoni, na kazi asiachiwe yeye.

Je, nafasi inatosha? Jogoo ni lazima ndiyo watage? Na hili jambo linalipa kweli au ni mzuka wa mtandaoni tu?

Tetea_Mweupe

Jogoo si lazima, mkuu. Mtetea anataga bila kumwona jogoo maisha yake yote. Jogoo unamhitaji ukitaka mayai ya kuangua. Na kwa dirisha hilo ulilolitaja, huyo ndiye atakayekugombanisha na watu. Jogoo hasubiri jua, anawika kungali giza totoro. Ndiyo maana miji mingi iliyoruhusu kufuga uani imeruhusu mitetea na kukataza majogoo.

Ulizia sheria ndogo za mji wako kabla hujanunua hata msumari: idadi inayoruhusiwa, na banda likae umbali gani na nyumba ya mtu. Kama umepanga, anza na mwenye nyumba.

Kalamu_na_Hesabu

Mimi nitakuharibia sherehe. Kuku wa mayai anakula gramu 110 hadi 130 kwa siku. Sita wako kwa wiki wanamaliza kama kilo tano. Wakiwa mbegu nzuri na wako kwenye mwaka wa kwanza wa kutaga, watakupa trei moja kwa wiki hiyo. Kwa hiyo chukua bei ya kilo tano za chakula, ilinganishe na bei ya trei dukani kwako, halafu ongeza mbao, wavu na chanjo. Bado hujalipia muda wako.

Jingine ambalo wengi hawalisemi: baada ya mwaka wa pili utagaji unashuka, na kuku anaweza kuishi miaka sita, minane. Watoto wakishampa jina, utamchinja?

Baba_Uani

Hiyo ya kilo tano kwa trei imenivunja nguvu, sikatai. Na jina wameshaanza kutafuta.

Mpenda_Historia

Kalamu, hesabu yako ni sahihi lakini watu hawafugi kwa hesabu peke yake, wanafuga pia wakiwa na wasiwasi. Vita ya Kwanza ya Dunia, serikali ya Marekani ilihimiza kila nyumba iwe na mitetea miwili kwa kila mtu aliyemo. Vita ya Pili, Waingereza waliofuga walisalimisha mgao wao wa mayai wakapewa chakula cha kuku badala yake. Mwaka 2020, watu walipofungiwa ndani, vifaranga viligombaniwa. Mwanzoni mwa 2025 mafua ya ndege yalipopandisha bei ya mayai Marekani, hadithi ikawa ile ile.

Fundi_Banda

Nafasi inatosha. Ndani mpe kila kuku kama theluthi ya mita ya mraba, nje mita moja. Banda lisiegemee ukuta wa jirani, lipeleke upande wa pili.

Harufu inatokana na unyevu. Kinyesi kikavu hakinuki sana. Kikilowa ndipo hewa ya amonia inapokupiga puani. Mwaga maranda sentimita 10 hadi 15, acha matundu ya hewa juu karibu na paa, kisha kagua pale penye chombo cha maji maana ndipo panapolowa kwanza. Chota maranda, yafinye. Ukifungua kiganja yakabaki donge, toa hayo weka mapya. Yakichambuka, endelea na shughuli zako.

Fito za kulalia ziwe juu kuliko viota, la sivyo watalala kwenye viota na kila yai litakuwa na kinyesi. Chini ya fito weka ubao: usiku ndipo wanapoangusha mzigo mkubwa, asubuhi unaukwangua unaupeleka kwenye mboji. Usiumwage moja kwa moja kwenye mboga, unaunguza.

Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita unamzuia kuku asitoke, haumzuii adui asiingie. Tumia wa kuchomelea, matundu kama sentimita moja. Na chakula kisilale nje, kwa sababu kitakachomleta jirani mlangoni kwako ni panya.

Mtu_wa_Mifugo

Usianze na vifaranga, wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza. Nunua mitetea inayokaribia kutaga, na udai rekodi ya chanjo. Mdondo (kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku) hauna dawa, ni chanjo tu, na inarudiwa. Ukiitia kwenye maji ya kunywa, yasiwe ya bomba yenye klorini, inaua chanjo. Kuku akipewa dawa, uliza mayai yasiliwe kwa siku ngapi.

Watoto wanawe kwa sabuni kila wakimshika kuku, na wasimbusu hata awe mzuri vipi. Vijidudu vya salmonela, vinavyoharisha watu, hukaa kwa kuku anayeonekana mzima kabisa.

Udongo nao usiusahau. Mayai ya kuku wa uani yalipopimwa Sydney, Australia, yalikutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, mengi kuliko ya dukani, kwa sababu kuku wanadonoa udongo wenye mabaki ya rangi za zamani na moshi wa petroli ya enzi hizo. Nyumba yako ikiwa kongwe, pima udongo au wafugie juu ya maranda.

Baba_Uani

Shukrani wakuu. Jogoo nimemfuta, mitetea iwe minne. Jirani nimwambie kabla au aone tu? Na tukisafiri?

Tetea_Mweupe

Kabla, tena mwonyeshe banda litakapokaa. Mwambie ukweli kwamba mtetea naye hupiga kelele akishataga, ila ni mchana na dakika chache. Safari ya zaidi ya usiku mmoja tafuta mtu wa kufungua, kufunga na kubadili maji. Mayai ya siku hizo ni yake. Ukimpata jirani mwenyewe, umemaliza mambo mawili.

Hao wanne wanunue pamoja. Mgeni mmoja akiingia baadaye watamdonoa.